Ng'ombe wa bandani auzwe kwa kilo, sio kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wizara ya mifugo, halmashauri zetu za huku Dodoma na wafugaji wenzangu kuhusu hii biashara ya kunenepesha ng'ombe bandani. Siku hizi kila mtu anaisema, ukienda semina utaisikia, ukifungua WhatsApp unakuta video za mabanda, na vijana wa BBT Mifugo, ule mpango wa serikali wa kuwafundisha vijana ufugaji wa biashara, nao wamefundishwa kwenye vituo atamizi, yaani vituo vya mafunzo kwa vitendo, wametoka na hamu kubwa ya kazi. Mimi naiunga mkono kabisa, nimo ndani yake huku Kongwa, na ndio maana nasema kuna kitu kimoja kisipowekwa sawa watu watajenga mabanda halafu watayaacha matupu. Kitu chenyewe ni mizani mnadani.

Niseme kwanza kwa nini banda linafaa huku kwetu, maana wapo wanaodhani ni mambo ya kuiga Wazungu. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, inaanza Desemba ikichelewa sana Januari, ikifika Aprili imeisha. Kuanzia Agosti nyasi ni makapi, ng'ombe anatembea mbali kutafuta maji na kilo alizoweka masika zote anaziacha njiani. Mwaka unaofuata anaanza upya. Ndio maana ng'ombe wetu wa asili anachukua miaka minne mitano na zaidi mpaka afikie kuchinjwa, na hapo bado nyama ngumu. Sasa ng'ombe huyohuyo, hasa maksai, yaani dume aliyehasiwa, ukimuingiza bandani kwa miezi mitatu ukampa chakula cha kueleweka anabadilika mpaka aliyekuuzia hamtambui. Na chakula tunacho hapahapa, pumba za mahindi zipo Kibaigwa, mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yapo Dodoma na Singida, molasi inatoka viwanda vya sukari Morogoro, mabua ya mtama na maganda ya karanga wakulima wanachoma moto.

Ila ni kazi, watu wasidanganyane. Ng'ombe aliyetoka porini humwagii pumba na mashudu siku ya kwanza, tumbo litachachuka, atajaa gesi na utamkuta amelala upande asubuhi. Wiki mbili za mwanzo unampa nyasi kavu na mabua kwa wingi, chakula cha nguvu unaongeza kidogokidogo huku unaangalia kinyesi chake, kikiwa uji wa kijivu wenye harufu kali unapunguza haraka. Unampa dawa ya minyoo, unamuogesha kupe, chanjo, maji yawepo muda wote maana kwa hili joto ng'ombe mmoja anaweza kunywa lita 40 kwa siku. Urea inayotiwa kidogo kwenye chakula ndio kabisa, wengine wanaichanganya kwa kukadiria na mkono, ile ni sumu ikizidi, inaua ndani ya saa chache. Banda lenyewe wala halihitaji mamilioni, mhimili wake ni kivuli, hewa na sakafu kavu. Wenzetu wa majimbo kama Iowa kule Marekani wanaweka ng'ombe wa nyama ndani ya mabanda ya paa kwa sababu ya theluji na matope, sisi shida yetu ni jua, kwa hiyo mtu anayezungushia ukuta mpaka juu na kuezeka bati kwa kimo cha chini anawaoka ng'ombe wake, na ng'ombe mwenye joto hali chakula.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukulie mfano tu, bei zinapanda na kushuka. Umenunua maksai wa kilo 180, bandani anaongeza gramu 800 kwa siku, ambayo kwa ng'ombe wetu wa asili sio mbaya, kwa siku 90 ameongeza kilo 72. Tuseme chakula kinakula shilingi 3,000 kwa siku, hiyo ni 270,000. Tuseme kilo ya ng'ombe hai ni 5,000, zile kilo 72 zina thamani ya 360,000. Kinachobaki ni 90,000 na hapo hujatoa dawa, mlinzi, ushuru na gari. Yaani ukipunjwa kilo 20 tu kwenye kukadiria, 100,000 imeondoka, faida yote imekwenda na umeanza kula mtaji. Na kilo 20 kwa macho nani anaziona?

Nenda mnada wowote wa huku, Msalato au wa vijijini, uone ng'ombe anavyonunuliwa. Dalali anamzunguka, anamsukuma nundu, anaminya mbavu na shina la mkia, anampiga kofi la mgongo, halafu anataja bei huku anaangalia pembeni kama hana haja. Wewe umeshalipia gari, jua linawaka, ng'ombe hajanywa, na unajua ukimrudisha nyumbani kila siku ni shilingi 3,000 nyingine kwenye hori. Dalali naye anajua hivyo. Mwenye ng'ombe wa porini anaweza kusema narudi naye kijijini atakula nyasi za Mungu, sisi wa bandani hatuwezi, tarehe ikifika lazima auzwe, kwa hiyo tunaoumia zaidi na huu mtindo ni sisi hasa ambao serikali inatuhamasisha.

Na kinachoniuma ni kwamba huyo ng'ombe akishavuka geti la machinjio kila kitu kinapimwa. Nyama inapimwa, bucha inauza kwa kilo, maini kwa kilo, ukienda kununua nusu mwenye bucha hakukadirii. Ni mfugaji peke yake anayeuza kwa macho. Kwenye mazao tulipiga kelele kuhusu lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi, mpaka serikali ikaingia, Wakala wa Vipimo wakawa wanakamata watu barabarani, leo mkulima anajua gunia mwisho wake kilo 100. Pamba inapimwa, korosho inapimwa. Ng'ombe ambaye ni mali kubwa kuliko gunia lolote, ndio aachiwe macho ya dalali?

Najua majibu yatakayokuja. Nitaambiwa mizani ipo. Ni kweli kuna minada mizani ipo, mimi nimeiona moja imezungushiwa mabomba, kufuli lina kutu na mbuzi wamelala chini ya kivuli chake, hakuna anayeitumia kwa sababu hakuna anayelazimishwa. Wengine watasema wafugaji wenyewe hawaitaki, na hilo nalikubali, mwenye ng'ombe mrefu aliyekonda anaogopa mizani kwa sababu kwa macho anaonekana mkubwa. Wengine watasema watu watamnywesha ng'ombe maji mengi kabla ya kupima. Hiyo ina dawa, ng'ombe wote wakae kwenye zizi la mnada masaa kadhaa bila maji halafu wapimwe, au ikatwe asilimia ndogo ya uzito inayojulikana na pande zote mbili.

Ombi langu kwa wizara na Bodi ya Nyama ni sheria ndogo inayosema ng'ombe haondoki mnadani mpaka uzito wake uandikwe kwenye risiti ileile ya ushuru. Bei waendelee kupatana wao wenyewe, sikatai, ila kilo ziwe zimeandikwa. Halmashauri zinazochukua ushuru kila wiki zifungue hayo makufuli, zitengeneze kilango cha kupitisha ng'ombe mmoja mmoja na kumuweka mtu wa kusoma mizani, Wakala wa Vipimo waje kuihakiki kama wanavyohakiki ya bucha. Bei ya kilo ya wiki iliyopita iandikwe kwenye ubao getini. Na kwa minada midogo ambayo mizani haitafika leo wala kesho, ofisa mifugo apewe tepu ya kuzungushia kifua ili kukadiria uzito, haiko sawa na mizani lakini inakaribia, na bei yake ni ndogo sana, inaweza kuanza mnada unaokuja.

Mnenepeshaji,
Kongwa, Dodoma