Barua kwa mwanangu: vidonge vyao usivimeze

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Kibokoni hatujambo, twamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza tu, "sawa mama, sawa mama", mara umeshakata.

Basi likizo hii huji. Chumba nilikuwa nimeshakipaka chokaa, na bibi yako keshawaambia wenziwe kuwa unakuja. Lakini mafunzo ya kazi San Francisco, kwenye kampuni inayotafuta namna ya kurefusha umri, tena kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si ya kukataa, na mtaa mzima nimeutangazia. Kilichoniuma ni shangazi yako kujua kabla yangu.

Kazi yenyewe nimeielewa, usidhani sikuelewa. Ni wale minyoo wa milimita moja wanaoishi wiki mbili tatu, ambao mwaka 1993 mtafiti Cynthia Kenyon, huko huko San Francisco, alionyesha kuwa jeni moja tu ikibadilika wanaishi mara mbili na zaidi. Wewe utakuwa unawatazama kwa darubini na kuwagusa mmoja mmoja kwa waya mwembamba, na asiyetikisika unamwandika amekufa. Ifanye kwa moyo wako wote. Aliyekufa usimwandike yu hai ili kumfurahisha mtu mwenye kampuni.

Linalonikosesha usingizi ni lile ulilolisema ukicheka, kuwa wenzako wa huko wanameza rapamaisini na kahawa ya asubuhi, ati wasizeeke, na wala si wagonjwa. Nimemuuliza muuza dawa wetu. Akaniambia dawa hiyo hupewa mtu aliyepandikizwa figo, mwili usije ukaikataa, kwa sababu inashusha kinga. Najua panya waliongezeka umri nayo mwaka 2009, hata waliopewa wakiwa wameshazeeka. Wewe si panya, na hujazeeka. Kinga yako ikishuka, ukaugua peke yako huko, nani atakukorogea uji?

Usimeze, mwanangu.

Halafu hili la damu. Yule tajiri wa Marekani asiyetaka kuzeeka, Bryan Johnson, mwaka 2023 alijitia plazma, yaani yale maji ya damu, ya mwanawe wa miaka 17, kisha mwenyewe akasema hakuona faida. Kabla yake palikuwa na waliouza lita moja ya plazma ya vijana kwa dola 8,000, mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo Februari 2019 kwamba faida haijathibitishwa na madhara yapo. Wengine wakisoma habari hizi wanamtazama tajiri. Mimi namtazama yule kijana. Babako akikuomba damu, utamwambiaje hapana? Na mkubwa wa kazi, ambaye ndiye atakayekuandikia barua ya kukusifu mwisho wa Agosti, akikwambia "jaribu kidogo, sote twatumia", utamwambiaje?

Nakujua. Kwa mkubwa mdomo wako huwa mzito. Adabu hiyo tulikutia sisi, na pengine tuliizidisha. Huko iweke kando kwa hili moja tu. Sema mama kakataza, wakucheke wakitaka.

Sikwambii uwadharau. Umri ni wa Mola, lakini maradhi hutibiwa, na hakuna aliyetukataza kutafuta. Hiyo metformini anayomeza baba yako baada ya chai kwa ajili ya sukari, ndiyo watafiti wanayotaka kuijaribu kwa watu 3,000 wasio na sukari, wa miaka 65 hadi 79, waone kama inachelewesha maradhi ya uzeeni. Hapo nawaunga mkono. Bibi yako haombi miaka 120. Anaomba magoti ya kushukia ngazi bila kushikwa mkono, maana siku hizi anateremka kinyumenyume, kiganja ukutani, akisimama kila kidato. Ukimpata huko anayelisoma hilo, kaa karibu naye, muulize mpaka akuchoke. Na ukiwaona wale fuko wasio na manyoya wanaopita miaka 30, wakati panya wa nyumbani hafikishi hata mitano, waambie asili yao ni huku, Kenya, Ethiopia na Somalia.

Chukua sweta nzito. Nasikia Julai ya San Francisco ni ukungu na baridi.

Huku maji ya mfereji yamekatika tena, twanunua madumu ya mkokoteni. Paa la jikoni linavuja tangu masika na fundi anataka bati mpya, lakini usitume pesa ya bati. Ukilipwa, kwanza hakikisha bima yako ya matibabu inafanya kazi huko unakokwenda. Mdogo wako amepanda kwenye hesabu, ameshuka kwenye Kiswahili, nami namwambia ni aibu kwa mtoto wa Mombasa. Mpigie umseme, wewe anakusikia.

Na ile karatasi uliyotia saini nitumie picha za kurasa zote, hata zile za maandishi madogo. Binamu yako wakili atazisoma, nijue kama pameandikwa popote kuwa watakupima, au watakutoa damu, au watakupa chochote cha kumeza. Zitume kabla hujasafiri.

Mamako