Mabaki ya uzi na mipira ya paka

Hamjambo wapendwa. Wiki hii tuachane na masweta, tumalize vile vijipande vya uzi vilivyojazana vikapuni. Tutafuma mipira ya paka kuchezea, na hata aliyeshika kroshia juzi ataiweza.

Anza na mishono 6 ndani ya pete ya uzi. Mzunguko wa pili ongeza kila mshono (yaani fuma miwili ndani ya mmoja) upate 12, wa tatu ongeza kila mshono wa pili upate 18. Fuma mizunguko 4 bila kuongeza, kisha punguza (yaani unganisha mishono miwili iwe mmoja) hadi 12, jaza vipande vya uzi au soksi kuukuu, punguza hadi 6 na ufunge. Rangi zigongane tu, paka hajali! Tumia kroshia ndogo kuliko uliyozoea kwa uzi huo, ufumaji ukaze, vya ndani visichungulie.

Sasa hili naomba tulizingatie. Uzi unaoning'inia ni hatari. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma, hivyo uzi ukishaingia kinywani ni rahisi kuumeza kuliko kuutema, na ukifika tumboni unaweza kukunja utumbo hadi afanyiwe upasuaji. Kwa hiyo ncha zote zichomekwe ndani kwa sindano, kwenda na kurudi, kisha uvute kwa nguvu uone kama zinashika. Mikia mirefu na macho ya vifungo hapana, hata kama yanapendeza. Mpira ukianza kufumuka, tupa.

Tumeni picha. Za paka pia, bila shaka.