Kaka, Kabla Sijatuma Fedha za Vigae

Louisville, Colorado,
Marekani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na maneno uliyomwambia shangazi nayo yamenifikia, kwamba mdogo wako amemlipa mzungu amchagulie rangi za kuta huku Mama akikaa nyumba ya kupanga Mwanga, hapo Kigoma, tangu Ziwa Tanganyika lilipoingia nyumbani kwake Kibirizi. Yameniuma. Kwa kuwa unataka fedha za vigae vya nyumba unayomjengea Mama huko Gungu, nitayajibu yote mawili kwa pamoja.

Moto wa tarehe 30 Desemba 2021 mnaujua: upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa uliutoa kwenye majani makavu ukaingia mitaani, nyumba zaidi ya 1,000 zikateketea, yetu ikiwamo, na kesho yake theluji ikaanza kuanguka. Sisi tulitoka salama, Alhamdulillahi, na sina haja ya kuurudia. Ambalo hamkuliona huko ni kilichofuata. Kampuni ya bima ilitaka orodha ya kila kilichokuwamo, chumba kwa chumba, hadi mapazia na vijiko. Na vitu vingi ilivilipia kwanza kwa thamani ya kitu kilichochakaa, kisha ikamalizia baada ya sisi kununua kipya na kuonyesha risiti. Wakati huohuo mkandarasi alikuwa akiuliza soketi ziwe wapi na bomba la jikoni lipite ukuta upi. Mtu asiye na kwake hana akili ya kuchagua bawaba za kabati, nawe ulimsikia shemeji yako kwenye simu jinsi alivyokuwa.

Ndipo tukamtafuta mbunifu wa mambo ya ndani, na tafadhali usimfananishe tena na wapambaji wa kumbi za harusi. Kazi ya michoro tulikubaliana malipo yasiyopanda, na asilimia yake katika kila samani atakayotununulia iliandikwa kwenye mkataba kabla hajagusa kalamu. Nilivutana naye bei kama Mama anavyovutana na wauza samaki wa migebuka, na nilishinda.

Hakuanza na rangi. Aliomba picha, nasi picha hatukuwa nazo. Zile picha za Idi nilizokusumbua unirudishie, nawe ukaniuliza nazitakia nini, alizikuza akawa anatazama nyuma ya watoto: zulia, kabati la vyombo, taa ya pembeni, vitu ambavyo tulikwisha kuvisahau na ambavyo viliingia katika orodha ya bima vikalipwa. Kisha akauliza nani huamka wa kwanza, wageni hukaa wapi, tunapika nini, nani hapandi ngazi. Nilipomwambia kwamba choo hakielekezwi kibla, aliuliza kibla ni upande gani, na alipojua kwamba kutoka hapa ni kaskazini mashariki, akakigeuza kwenye mchoro kabla mafundi hawajalaza mabomba. Angekuja baada ya sakafu kumwagwa, tungevunja.

Tuligombana mara moja tu, juu ya jiko. Yeye alitaka liwe wazi na sebule, kama nyumba nyingi za huku. Nilimpikia migebuka kwa mawese katika nyumba tuliyokuwa tumepanga, akaenda kwake na harufu kwenye koti lake, na mchoro uliofuata ulikuwa na mlango, na feni yenye nguvu inayotoa moshi nje ya ukuta. Leo majirani wanakuja kuliangalia jiko langu, na wawili wamemchukua mbunifu yuleyule. Lile sanduku la mninga la marehemu Baba hakujaribu kunitafutia mbadala wake, na kwa hilo peke yake namheshimu.

Sasa Gungu. Shangazi anasema umekwisha kuagiza vigae vya kung'aa nyumba nzima, dari ya jipsamu, sebule mbili, na jiko la ndani lenye kabati za ukutani. Mama aliulizwa? Mama ninayemjua hupika uani, huanika dagaa uani, hupokea wageni kwenye mkeka, na magoti yake hayawezi kigae kilicholowa. Nyumba ya Kibirizi ilikuwa na ua uliokuwa mkubwa kuliko vyumba vyote, na huo ndio anaoulilia, ingawa kwako hasemi. Nami, ukitaka kujua, huo ndio ninaouota.

Kwa hiyo fedha za vigae sitatuma mwezi huu. Nitatuma za kumlipa mchoraji, kijana yeyote wa hapo Kigoma anayejua ramani, akae na Mama kutwa nzima amwulize kama nilivyoulizwa mimi, bila wewe kumjibia. Akimaliza, nitumie mchoro niuone ua uko wapi, choo kimeelekea wapi, na kutoka kitandani hadi chooni kuna ngazi ngapi. Fundi asimwage sakafu kabla ya hapo. Vigae ulivyoagiza, kama muuzaji hakubali kuvirudisha, viweke kwenye sebule yako ya pili.

Ukiona nimekukosea adabu, nipigie Jumapili, shemeji yako atakuwepo. Msalimie wifi na watoto, na Mama mwambie nitampigia mwenyewe.

Wasalaam,
Mdogo wako