Barua ya wazi kwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa: Utumwa ulikuwa uhalifu tangu ulipotendwa

Mheshimiwa Rais,

Nakuandikia kuhusu hoja moja inayozuka kila utumwa unapojadiliwa kimataifa, nayo ni kwamba biashara ile ilikuwa halali kwa sheria za wakati wake, hivyo kuiita leo uhalifu dhidi ya ubinadamu hakumfungi yeyote kisheria. Azimio la Durban la mwaka 2001, lililotolewa na mkutano wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, liliuacha mlango huo wazi: lilikiri kwamba utumwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, kisha likasema ulipaswa kuhesabiwa hivyo siku zote, kauli ambayo mwanasheria wa dola iliyonufaika hatakosa kuitumia kudai kwamba zamani haukuwa.

Halali kwa sheria ya nani? Sheria hizo zilitungwa na waliofaidika, nao walipoufuta utumwa walionyesha kwamba wanajua sana kukokotoa hasara. Kwa sheria ya mwaka 1833, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, kila mtumwa akipangiwa daraja kulingana na kazi yake, na mtoto wa chini ya miaka sita akiwa na daraja lake. Walioachiwa huru hawakupata hata senti, na wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale bila ujira hadi mwaka 1838. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Ufaransa nayo iliidai Haiti, iliyojikomboa kwa damu yake, faranga milioni 150 mwaka 1825. Anayesema kwamba mambo haya ni ya kale mno kufidiwa na atueleze kwanza hesabu hizo.

Hata hivyo, azimio ninaloliomba kwa Baraza lako kuhusu utumwa lisiishie kwenye biashara ya Atlantiki. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na miongoni mwa walioendesha biashara hiyo walikuwamo watu wa pwani yetu wenyewe, jambo ambalo sisi huku hatupendi kulitaja. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2001, iliyotambua utumwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, iliitaja Bahari ya Hindi. Baraza lako lisitaje pungufu.

Naomba basi azimio litamke bila kigugumizi kwamba utumwa ulikuwa uhalifu tangu siku ulipotendwa, na Baraza liiombe Mahakama ya Kimataifa ya Haki maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa fidia.

Wako mtiifu,
Raia wa Afrika Mashariki