Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Zambia: zibeni vumbi la Kabwe kabla ya kugusa nyua

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu utaratibu wa kusafisha eneo la mgodi wa zamani wa zinki na risasi, metali yenye sumu, wa Kabwe. Ombi letu ni moja: chanzo cha vumbi kizibwe kwanza, nyua za watu zifuate. Upepo wa Kabwe huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na mitaa ya Kasanda na Makululu iko magharibi mwa mgodi. Ukibadilisha udongo wa ua huko Kasanda huku malundo ya mabaki ya mgodi yakiwa wazi, vumbi la kiangazi litaurudishia risasi ileile.

Sababu imo ndani ya mwamba. Kiini cha mashapo ya Kabwe, ndani ya dolomaiti (mwamba wa jamii ya chokaa), kilikuwa galena na sfaleriti, yaani risasi na zinki zilizoungana na salfa. Kilizungukwa na madini yaliyobadilishwa na maji na hewa: wilemaiti yenye zinki na serusaiti yenye risasi. Serusaiti ni kabonati. Galena ikimezwa huyeyuka kidogo, ila serusaiti huyeyuka upesi katika asidi ya tumbo na kuingia kwenye damu ya mtoto. Kwa hiyo nyua mbili zenye kiwango kimoja cha risasi zinaweza kuwa na hatari tofauti kabisa. Dolomaiti nayo huua asidi itokanayo na salfa ya madini, ndiyo maana hofu yetu kubwa hapa ni vumbi kuliko maji yenye asidi.

T. G. Davey aliyakuta mashapo haya mwaka 1902 akayaita Broken Hill. Uzalishaji ulianza 1906, na mgodi ukafungwa Juni 1994. Mwaka 1921 wachimbaji walitoa fuvu la binadamu wa kale katika pango la kilima chenye madini, na hadi leo liko London. Kilima chenyewe kilichimbwa kikaisha. Kilichobaki ni mabaki ya uchenjuaji (kutenganisha madini na mwamba) na slagi, yaani takataka ya tanuru, ikiwemo ile iitwayo Mlima Mweusi.

Kazi ianze hapo. Lundo lisawazishwe mteremko, lifunikwe kwa tabaka la udongo safi wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha udongo wa kuoteshea nyasi, na mifereji ya kando ijengwe kabla ya masika. Bila mifereji mvua huchimba makorongo na kuyafunua mabaki. Barabara za vumbi zifuate, kwa kuwa kila gari linalozipita huinua upya kilichokwisha kutua.

Kwenye nyua, chukueni sentimita 2.5 za juu, kausheni, chekecheni kwa chekecheo la mikromita 150: chembe hizo ndizo zinazonata kwenye vidole vya watoto. Kipimo cha mkononi cha miale ya X hupunguza usomaji udongo ukiwa na unyevu mwingi, basi msipime siku ya mvua. Msitumie wastani wa mtaa mzima, pimeni kila ua. Ondoeni sentimita 30, na 60 penye bustani ya mboga, tandazeni kitambaa cha alama kinachoonyesha udongo safi unapoishia, kisha jazeni udongo uliopimwa. Mbolea ya fosfeti huweza kuifunga risasi, lakini katika udongo wenye chokaa hufanya kazi polepole mno. Isitumike badala ya kuuondoa udongo.

Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe damu ya mtoto ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, na dawa ya kuondoa risasi ianze ikifika 45. Mtoto akitibiwa kisha akarudi kwenye ua uleule, kiwango hupanda tena.

Leseni yoyote ya kuchenjua upya mabaki, tunaomba iwe na masharti haya: kuchimba kwa kulowesha, kufunika magari, kufungia mashine za kusaga, na kuacha wazi sehemu ndogo tu ya lundo kwa wakati mmoja. Mwisho wa kila kiangazi vumbi la sakafuni lipimwe katika nyumba zilezile, na majibu yabandikwe zahanati.