Usiupige Saruji Mchongo wa Matumbawe

Sisi hukarabati michongo ya kale ya matumbawe, na wateja wengi hutuita plasta ya saruji ikiwa imeshabanduka mara mbili, na lawama zote wamemtwika fundi. Mara nyingi fundi hana kosa. Kuta za nyumba kongwe za Mji Mkongwe na Lamu ni za matumbawe na chokaa. Maji hupanda kutoka ardhini, hupita ndani ya ukuta, hukaukia usoni. Ukiuziba uso kwa saruji au rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea. Chumvi iliyomo hugeuka chembe nyuma ya plasta, huvimba na kusukuma. Kwenye ukuta mtupu utapoteza plasta. Kwenye kibla cha msikiti au mzingo wa mlango wa jiwe lililochongwa, yatakayodondoka ni maua na herufi zenyewe.

Na jiwe hilo hulipati tena. Kuta zilijengwa kwa matumbawe magumu ya nchi kavu, lakini jiwe la michongo lilikatwa baharini, kwenye mwamba hai. Likiwa bichi ni laini, hukubali tezo. Likishakauka huwa gumu. Maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na bado yanasomeka. Leo sheria hairuhusu kukata matumbawe hai, na sisi hatukati, hata mteja akisema analipa mara tatu.

Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za Lamu za karne ya 18 ni habari nyingine: mara nyingi si jiwe, ni plasta ya chokaa iliyochongwa. Tindo inayovumilika kwenye jiwe huko inaharibu. Ndiyo maana hatutoi bei kwa picha ya WhatsApp. Lazima tuje tuguse.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Saruji tunaibandua kwa tindo ndogo, ukuta tunauacha ukauke, chumvi tunainyonya kwa rojo la karatasi linalobandikwa na kuondolewa mara kadhaa. Kisha chokaa iliyolowekwa muda mrefu, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likisubiri mwenzake. Masika hatupigi plasta ya nje.

Ukisubiri zamu yako, usipake kitu. Vipande vilivyodondoka viweke kwenye boksi, hata vile vidogo, na uandike vimetoka upande gani wa mchongo.