Mlipokea ada ya mbwa wangu miezi saba, siku alipougua mkaniambia ninunue mwingine

Mama Kulwa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.
22 Septemba 2025

Meneja wa Tawi,
Kitengo cha Bima za Wanyama,
Mwanza.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Makao Makuu.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KWA DAI LA MATIBABU YA MBWA TOMI, NA NILIVYOTENDEWA KAUNTA TAREHE 18 AGOSTI

Salaam. Mkataba mnao. Fomu ya dai mnayo, na risiti zote nne mnazo, kwa kuwa nilizileta kwa mkono wangu mwenyewe. Sitawafundisha masharti mliyoyaandika ninyi. Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo moja lililotokea ofisini kwenu, na hilo ndilo nitakaloanza nalo.

Jumatatu tarehe 18 Agosti, yapata saa nne na nusu asubuhi, nilisimama mbele ya kaunta yenu na bahasha ya risiti. Kijana wa zamu, umri wa kitindamimba wangu, hakunipa shikamoo. Nikaliacha lipite. Akazifungua risiti, akajumlisha kwenye simu yake, kisha akazisukuma kurudi kwangu kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesogeza kitu kichafu asikiguse. Akasema, "Mama, yaani mbwa wa mtaani umemtibu kwa laki tatu na sitini? Si ungenunua mwingine?" Halafu akamgeukia mwenzake wa meza ya bima za magari: "Hebu njoo umwone mama wa mbwa." Wakacheka. Na watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri stika za bajaji zao wakacheka pia.

Ndugu Meneja, mkataba wangu hausemi mbwa wa mtaani. Umeandikwa "mbwa wa ulinzi, dume, miaka minne", kwa mwandiko wa wakala wenu. Tomi analinda stoo yangu ya nyavu za dagaa, kamba, maboya na taa za kuvulia. Wavuvi wa Kome na Ukerewe wanaifahamu stoo hiyo. Miaka miwili iliyopita stoo za jirani zangu wawili zilivunjwa usiku mmoja, yangu haikuguswa. Na Shaba, paka niliyemkatia bima siku moja na Tomi, ndiye anayezuia panya. Asiyefanya biashara hii hajui panya anavyopenda wavu wenye harufu ya samaki. Wavu ukitobolewa hauuziki tena kwa bei yake. Wanyama hawa wawili wamo ndani ya biashara yangu kama kufuli na mlango. Na hata wasingekuwa na kazi yoyote ningewapenda vilevile, wala sioni aibu kuliandika hilo.

Sikukurupuka kukata bima hii. Wakala wenu alikuja Mwaloni mara tatu mwezi wa Februari. Nilimweka kwenye kigoda nikamuuliza maswali mpaka akaomba maji. Shilingi 12,000 kwa mwezi kwa mbwa, 7,000 kwa paka, jumla 19,000, yaani 228,000 kwa mwaka. Kwa kila dai mimi nabeba 30,000 za kwanza, na katika kinachobaki ninyi mnalipa asilimia 80. Nikaandika yote kwenye daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari. Mwanangu Doto aliniambia, "Mama, hiyo elfu kumi na tisa weka kwenye kibubu, mnyama asipougua hela inabaki yako." Alikuwa na hoja, na nililala nayo siku nyingi. Nikamjibu kwamba kibubu kinahitaji muda wa kujaa, na ugonjwa hausubiri. Mbwa akiugua mwezi wa tatu, kibubu kina 57,000, na hiyo haimlazi mnyama hata siku mbili. Wakala akaongeza kwamba Uswidi mbwa wanakatiwa bima tangu 1924. Nikasema kama wenzetu wameifanya miaka mia moja na haijawashinda, basi ni jambo la kuaminika. Hivyo ndivyo nilivyoamua. Niliwaamini.

Swali langu la mwisho kwa wakala lilikuwa hili, na Doto alikuwepo akisikia: homa ya kupe inaingia? Akanijibu, "Inaingia, mama. Hiyo ndiyo inayowasumbua mbwa wa huku. Isipoingia hiyo, bima ya nini?"

Bima ya nini? Hilo ndilo swali langu kwenu leo.

Barua yenu ya tarehe 5 Septemba inasema dai limekataliwa kwa kuwa ni "ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima". Ushahidi wenu ni kadi ya kliniki, inayoonyesha kwamba Januari Tomi alipuliziwa dawa ya kupe. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi mpaka imechanika kwenye mkunjo. Kupuliziwa dawa ya kupe ndiyo ugonjwa? Niambieni ni mbwa gani wa Mwanza ambaye hajawahi kushikwa na kupe. Daktari alinieleza kwamba yule kupe wa kahawia hahitaji hata pori, anajificha na kuzaliana kwenye nyufa za ukuta na kwenye banda la mbwa. Kupuliziwa dawa ndiyo kinga yenyewe. Mnanihukumu kwa kuwa nilimtunza. Ningemwacha na kupe wake bila kumpeleka kliniki, kadi ingekuwa tupu na mngelipa?

Najua mtakalosema, kwa sababu na mimi niliuliza. Mtasema vimelea vya homa hii vinaweza kukaa kimya kwenye damu ya mbwa miezi mingi kabla ya kujitokeza. Ni kweli, daktari amekiri. Lakini tarehe 26 Februari, kabla hamjapokea hata shilingi yangu, daktari mliyemchagua ninyi alimtoa Tomi damu. Majibu yake yamebandikwa kwenye mkataba: vimelea havikuonekana, chembe za kugandisha damu ziko katika kiwango cha kawaida, mnyama ana afya njema. Kama kipimo hicho hakikutosha kuwaambia ninyi kwamba ni mzima, kwa nini kilitosha kunitoza ada? Siku thelathini za kusubiri zilipita tangu mwanzoni mwa Aprili. Tomi aliugua homa ya kupe Agosti.

Nimetangulia mbele, nirudi nyuma. Usiku wa Alhamisi tarehe 14 mwezi ulikuwa bado mkubwa, mitumbwi imelala kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, nami nilikuwa nyumbani mapema. Siku mbili Tomi alikuwa amegoma kula. Nikamsikia anapiga chafya. Nilipomulika taa, damu ilikuwa inamtoka puani, na nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa nyeupe kama ugali. Nilimfunga kwenye kanga yangu, bodaboda wawili wakakataa kutubeba, wa tatu akakubali kwa elfu kumi. Akalazwa siku nne. Kumwona daktari na kulazwa 120,000. Vipimo vya damu 85,000. Dripu na sindano 92,000. Dawa za doksisaiklini za siku 28 ni 65,000. Jumla 362,000. Toeni 30,000 zangu, zinabaki 332,000, asilimia 80 yake ni 265,600. Hesabu hii haihitaji mtaalamu.

Sikuwa na fedha hizo, kwa kuwa mbalamwezi hakuna mauzo. Nilikopa 300,000 kwenye kikoba chetu kwa riba ya 30,000, nikiwaambia wenzangu kwa kujiamini kabisa, "Bima italipa wiki ijayo."

Sasa narudi kaunta. Nilipoanza barua hii nilieleza nusu tu, kwa sababu nusu nyingine mkono ulikataa kuiandika. Nimekunywa chai, nimeirudia.

Nilitoka kliniki moja kwa moja asubuhi ile. Sikuwa nimelala. Kanga niliyojifunga ilikuwa ile ile niliyombebea Tomi, nimeifua haraka bombani kwa daktari lakini doa la damu halikutoka. Kijana wenu aliposukuma risiti kwa kalamu na kusema ninunue mwingine, nilimwambia kwa upole, "Mwanangu, sijaja kuomba msaada, nimekuja kudai kilicho kwenye mkataba." Hapo ndipo alipomwita mwenzake aje amwone mama wa mbwa. Na walipomaliza kucheka, aliangalia kanga yangu, akavuta kiti chake nyuma, akaniambia mbele ya watu wote wale, "Sogea kidogo mama, unanuka mbwa na dagaa."

Dagaa ndiyo iliyolipa ada yenu. Miezi saba. Hamkuwahi kunirudishia shilingi yoyote mkisema inanuka.

Nilizikusanya risiti zangu moja moja. Moja ilidondoka, na mzee mmoja wa kwenye benchi, ambaye hakucheka, akainama akaniokotea, akanipa kwa mikono miwili. Namshukuru popote alipo. Nilisimama pale nikisubiri msimamizi atoke kwenye ule mlango wa kioo. Alikuwa anatuona. Hakutoka. Ikabidi nirudi tena kesho yake na Doto ndipo fomu ikapokewa, na mwanangu alipewa kiti.

Na mlivyo wepesi wa kupokea! Tarehe 3 Septemba mlikata ada ya mwezi kwenye simu yangu, 19,000, ujumbe ninao. Tarehe 5, siku mbili tu baadaye, mkaandika kwamba hamlipi. Jumla mmechukua 133,000.

Nilipokaa kuandika nilikuwa naomba kitu kimoja, mlipe 265,600 ndani ya siku kumi na nne, yaishe. Lakini kadiri ninavyoandika naona hiyo haitoshi. Riba ya 30,000 niliyoingia kwa ajili ya kuchelewa kwenu ni juu yenu. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe Meneja, inayotaja tarehe 18 Agosti na maneno yaliyosemwa, siyo ile ya "tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Kijana yule simwombei kufukuzwa kazi, ana mama yake naye. Lakini asikae mbele ya wateja mpaka aje Mwaloni aniombe radhi palepale stooni, na msimamizi wa mlango wa kioo aje naye. Na hiyo sababu ya "ugonjwa uliokuwepo kabla" ifutwe kwenye faili la Tomi kwa maandishi, maana mkiiacha, kila atakapougua mtaisoma tena.

Siku kumi na nne nimezifuta. Nawapa siku saba, mpaka Jumatatu tarehe 29 Septemba, saa kumi jioni. Zikipita, faili hili lote, pamoja na majibu ya damu ya daktari wenu, nalipeleka ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, hapa hapa Mwanza, na nakala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka milango hiyo kwa ajili ya watu kama mimi, na Doto ameshanichapia barua mbili, zinasubiri tarehe tu.

Kuna jambo jingine ambalo pengine kijana wenu hakulijua. Kwenye kikoba chetu tuko wanawake kumi na wawili. Wote wana stoo au meza za dagaa, wote wana paka, na saba wana mbwa. Wakala wenu aliwafuata pia, wakamwambia wanaangalia kwanza ya Mama Kulwa yataishaje, ndipo waamue wakate au waweke kwenye kibubu. Kikao chetu ni Jumamosi hii tarehe 27, nami ndiye niliyepangiwa kulizungumza. Kesho yake, tarehe 28, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wakala ameshatangaza kwamba wiki hiyo atapita tena Mwaloni kutafuta wateja. Atanikuta.

Tomi amemaliza dawa. Amekonda, mbavu zinahesabika, lakini jana usiku alibweka mara ya kwanza tangu augue, na nilitoka nje kumsikiliza. Ada ya Oktoba sijaamua kama nitaiacha mkaikata. Hilo nalo litategemea majibu yenu.

Wenu mteja,

Mama Kulwa
Mwaloni, Kirumba